Mwiba, tochi na kipande cha mpini wa ufagio

Mwanangu alichomwa na mwiba kwenye kidole gumba cha mguu usiku ambao umeme ulikuwa umekatika. Sikuwa na wasiwasi. Pini nilikuwa nayo, spiriti ya kupangusia nilikuwa nayo, na mfukoni kulikuwa na tochi niliyojivunia, ambayo boksi lake liliandikwa lumeni 1,200, yaani kipimo cha wingi wa mwanga, kwa maandishi makubwa kuliko jina la tochi yenyewe. Nikaibonyeza. Chumba kizima kikawa cheupe, mtoto akajiziba uso kwa mikono miwili, na mimi nikabaki naona duara la kijani likielea kila nilipotazama. Nikabonyeza tena, ukali ukapungua kidogo. Nikabonyeza mara ya tatu, ikaanza kumweka-kumweka kama gari la zimamoto.

"Baba, izime," akasema.

Nikaizima. Mwiba tuliutoa kwa mshumaa.

Tochi haikuwa mbovu. Iliundwa kuangaza uwanja, ikaangaza uwanja. Mwenye kosa ni mimi niliyenunua kifaa cha usiku ambao sijawahi kuupata: kutafuta mtu aliyepotea msituni, kumulika ng'ambo ya mto, kumshangaza mwizi. Usiku ninaoupata mimi ni wa miiba na funguo.

Baada ya tukio lile nikaanza kuandika kwenye simu kila nilipowasha tochi, nimeiwasha kwa kazi gani. Niliendelea hivyo kwa wiki tatu. Tundu la kufuli. Chini ya kiti cha gari, mara tatu, kwa kalamu ileile. Nyuma ya kabati. Namba iliyobandikwa mgongoni mwa mashine, ambayo haisomeki hata mchana kwa sababu mashine imegeuziwa ukutani. Koo la mtoto. Maandishi ya chupa ya dawa. Skrubu iliyodondoka ikajificha mahali ambapo skrubu hujificha. Kushuka ngazi bila kuwaamsha waliolala. Kazi iliyozidi hatua kumi kutoka niliposimama ilitokea mara mbili tu, mara moja kwa mbwa aliyebweka sana na mara moja kwa paa lililovuja. Zilizobaki zote zilikuwa ndani ya urefu wa mkono wangu.

Mtu ataniambia simu ina tochi. Inayo, na kwa wengi inatosha. Ila simu ni bapa, haishikiki vizuri ukiwa umelala chali chini ya sinki, haikai kati ya meno, na mara nyingi unapohitaji mwanga ndipo unapoongea nayo au unasoma maelekezo kwenye kioo chake. Mwanga wake umetawanyika, haupenyi kwenye tundu jembamba. Mimi pia nimewahi kuidondosha ya kwangu ndani ya injini ya gari, na kuitoa ilibidi niazime tochi ya mtu.

Basi nikaanza upya, na safari hii nilianzia chini. Sasa nikishika tochi mpya swali langu la kwanza ni: inashuka hadi lumeni ngapi? Kuna tochi ambazo ngazi yake ya chini kabisa ni lumeni 30 au 50, na muuzaji anakuambia hiyo ni "ndogo". Kwa mtu aliyeamka saa nane za usiku, lumeni 30 ni kofi la uso. Macho yanayozoea giza huchukua nusu saa hivi kufikia uwezo wao kamili, na mwanga mkali wa sekunde chache unaifuta kazi hiyo yote. Ninachotaka ni ngazi iliyo chini ya lumeni moja. Watengenezaji wengine huiita mwanga wa mwezi, wengine huiita kimulimuli, na jina hilo la pili ndilo ninalolipenda. Kwa mchana huwezi hata kujua kama imewaka. Usiku, ukishazoea giza, inatosha kuona vidole vyako, kitasa na ukingo wa kitanda, na aliye kando yako haguni.

Juu ya hapo nataka ngazi ya lumeni kumi au kumi na tano kwa kazi za mkononi, nyingine ya mia moja hivi kwa kutembea, na ya juu kwa yule mbwa. Mwanga ukiongezeka mara mbili jicho haliuoni kama mara mbili. Linaona nyongeza kidogo. Ndiyo maana kutoka lumeni 800 hadi 1,000 ni tofauti ya kwenye boksi zaidi kuliko ya machoni, wakati kutoka lumeni moja hadi kumi ni dunia mbili tofauti.

Na lumeni zile za kwenye boksi zina hadithi yake. Tochi ya kushikwa mkononi, inayofanana na tunazozijua leo, ilipewa hataza Marekani mwaka 1899 kwa jina la David Misell. Betri za wakati ule zilikuwa dhaifu na balbu zilikuwa za uzi wa kaboni, kwa hiyo haikuweza kuwaka mfululizo. Ulibonyeza, ukapata mwanga wa kuonea ulichotafuta, ukaachia betri ipumzike. Neno la Wamarekani la kuiita tochi, flashlight, lina "mmweko" ndani yake mpaka leo kwa sababu hiyo. Sasa angalia lumeni 1,200 za kwangu. Ili kuzitoa, tochi hula wati kumi na zaidi, na sehemu kubwa ya hizo inageuka joto ndani ya bomba la alumini lenye unene wa kidole gumba. Bila pa kulipeleka joto hilo, tochi inajipunguza yenyewe baada ya dakika moja au mbili, ikashuka hadi mia tatu au mia nne, ikatulia hapo. Karne imepita na ushei, na mwanga mkubwa wa mfukoni bado ni mmweko.

Kwenye maelezo ya tochi yaliyoandikwa kwa kufuata FL1, kipimo cha pamoja cha tochi ambacho kilitolewa Marekani mwaka 2009 na watengenezaji wengi wanakifuata, kuna namba mbili zinazofaa kusomwa kwa jicho la mashaka. Ya kwanza ni muda wa kuwaka. Huo huhesabiwa mpaka mwanga ubaki asilimia kumi ya ulivyoanza, kwa hiyo tochi inaweza kuandikwa "saa tatu" ilhali lumeni zile za juu zilidumu dakika moja na nusu na zilizobaki ni mkia. Watengenezaji waungwana huchora mchoro wa mwanga kadiri muda unavyokwenda. Nikiuona mchoro huo huwa nauamini kuliko namba. Ya pili ni umbali. Wao huhesabu mpaka mahali ambapo mwanga unaoanguka ni robo ya luksi, sawa na ule wa mbalamwezi kamili usiku usio na mawingu. Ukiambiwa mita 200, ujue kwenye mita 200 utaona kwamba kuna kitu, hutaona ni nani. Kwa kazi naugawanya kwa mbili, na hata hapo sijisifu sana.

Umbali wenyewe hautokani na lumeni, unatokana na jinsi mwanga ulivyokusanywa, na kipimo chake ni kandela. Chukua kipeuo cha pili cha kandela, zidisha kwa mbili, umepata mita. Kandela 2,500 ni mita 100. Ukitaka mita 200 unahitaji kandela 10,000, mara nne. Lakini kukusanya huko kuna gharama yake karibu: tochi ya kumulika mbali ina doa kali katikati na giza pembeni, na ukiishusha kusoma karatasi unaona duara moja jeupe linalokupofusha na maneno yaliyozunguka hayaonekani. Kwa mfukoni nachagua yenye mwanga mpana na laini. Nyingi ya hizo zina lenzi ya plastiki yenye vinundu mbele ya LED, kile kijitaa chenyewe kinachowaka, au kikombe cha kuakisi chenye uso wa maganda ya chungwa badala ya kile kinachong'aa kama kioo.

Rangi ndiyo niliyoijua nikiwa nimechelewa. Siku moja, jioni, nilikuwa nimefungua redio ya gari kubadilisha waya uliokatika. Kulikuwa na waya mwekundu na waya wa kahawia, na chini ya tochi yangu ile kali vyote viwili vilikuwa na rangi ya udongo. Niligeuza, nikasogeza, nikakodoa. Mwisho nilisubiri asubuhi. Asubuhi mwekundu ulikuwa mwekundu kama pilipili na nikajiona mjinga.

Sababu iko ndani ya LED yenyewe. LED nyeupe ni LED ya bluu iliyofunikwa unga wa njano. Sehemu ya bluu inapita, sehemu inageuzwa na unga, na mchanganyiko jicho linauita mweupe. Kazi ya kuipata hiyo ya bluu ndiyo iliyowapa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Nobeli ya Fizikia mwaka 2014, na wanastahili. Ila unga ukiwa wa kawaida, wekundu uliokolea unakuwa haba sana ndani ya mwanga huo, na kisichokuwamo kwenye mwanga hakiwezi kurudi kutoka kwenye waya. Damu inakuwa tope, nyama ya mkono inakuwa ya maiti. Ndiyo maana siku hizi natafuta alama ya CRI, kipimo cha jinsi mwanga unavyoonyesha rangi kama zilivyo. Kiwango cha juu ni 100, tochi nyingi ziko 70 hivi, na zile za 90 na kuendelea zinarudisha wekundu. Gharama yake ni lumeni chache kupungua, na hizo sizilii. Pamoja na hilo tazama kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga wenyewe: 6,500 ni weupe wa kibuluu, 4,000 hadi 5,000 ni kama jua la asubuhi iliyokwisha kukomaa, 3,000 ni balbu ya zamani. Mimi nakaa kwenye 4,000. Mke wangu anapenda ile ya 3,000, anasema nyingine zote zinafanya nyumba ifanane na zahanati.

Betri sasa, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wanapoumia.

Tochi yangu ya kwanza kabisa ilikufa kwa betri. Ilikuwa ndogo, ya betri moja ya alkali aina ya AA, na niliiweka kwenye droo "kwa dharura". Dharura ilipokuja, kifuniko cha nyuma kiligoma kufunguka. Nilipokifungua kwa koleo nilikuta betri imetokwa na kitu cheupe kama chumvi, kimeng'ang'ania springi na kupanda mpaka juu. Chanzo chake ni hidroksidi ya potasiamu, inayotoka kwenye betri za alkali zinapozeeka au zikiachwa zimekwisha, na inakula chuma. Ukiiwahi unaweza kuipangusa kwa pamba yenye siki, siki inaituliza. Mimi sikuiwahi. Tangu siku hiyo betri ya alkali hailali ndani ya tochi yangu hata usiku mmoja. Kwa tochi ya droo naweka zile za litiamu za volti 1.5 zisizochajiwa, ambazo ni nyepesi, hazivuji ovyo na zinavumilia kukaa miaka mingi. Kwa tochi ya kila siku naweka za kuchaji, aina ya nikeli, zile zisizopoteza chaji haraka zikiwa zimekaa.

Uchaguzi mkubwa lakini ni ukubwa, na ukubwa wa tochi ni ukubwa wa betri iliyovaa koti. Betri moja ya AAA ya kuchaji ina kama wati-saa moja, yaani inaweza kutoa wati moja kwa saa nzima. AA ina mbili na nusu hivi. Ile ya litiamu inayoitwa 18650, yenye upana wa milimita 18 na urefu wa 65, inafika hata kumi na mbili na nusu. Kwa hiyo ya AAA ni kikombe, 18650 ni ndoo. Kwa makadirio ya haraka, LED ya siku hizi ndani ya tochi nzuri inatoa lumeni mia hivi kwa kila wati, hivyo betri ndogo ya AAA ikibaki kwenye lumeni kumi inaweza kukaribia saa kumi. Rudi kwenye orodha yangu ya miiba na funguo: sikuhitaji ndoo.

Kuna betri za litiamu zenye umbo lilelile la AA, zinaitwa 14500, na hapo watu huunguza vitu. Umbo ni moja, volti si moja. Iliyojaa inafika 4.2. Tochi iliyotengenezwa kupokea zote mbili itafurahi na kuwaka zaidi. Iliyotengenezwa kwa volti 1.5 peke yake itawaka vizuri sana kwa muda mfupi sana. Soma kabla ya kusukuma ndani.

Kuhusu tundu la kuchajia: ni raha, nimelizoea, na nisingenunua yenye betri isiyotoka kwa sababu tu ina tundu. Betri ya kuchaji ina maisha yake, na ikichoka tochi nzima inakuwa jiwe. Halafu kuna ujanja mbaya nilioukuta kwenye mbili kati ya tochi nilizowahi kumiliki. Zina tundu la USB-C, lakini ukizichomeka kwa kebo yenye vichwa vya USB-C pande zote mbili hazichaji. Zinakubali kebo yenye kile kichwa kipana cha zamani upande wa chaja. Ndani kunakosekana vizuizi viwili vidogo vya umeme vya kuiambia chaja kwamba kuna kifaa, na chaja isipoambiwa haitoi kitu. Unafikiri tochi imekufa, kumbe inasubiri kebo ya mwaka juzi.

Swichi. Ya nyuma, ya kubonyeza kwa dole gumba, ndiyo ya haraka gizani kwa sababu mkono unaijua bila kutafuta. Ya ubavuni ni nzuri kubadilishia ngazi, ila inatafutwa, na zinazoendeshwa kielektroniki zina tabia ya kujiwasha mfukoni. Yangu ilijiwasha nikiwa kwenye kikao. Nilihisi joto pajani, nikadhani ni jua la dirishani, mpaka harufu ya kitambaa ilipopanda. Tochi kali iliyogusana na nguo inaweza kuiunguza kweli, si mzaha. Dawa yake ni kulegeza kifuniko cha nyuma robo mzunguko, mawasiliano yanakatika. Inafanya kazi kwenye tochi ambazo sehemu ya kuskrubu imepakwa rangi ngumu isiyopitisha umeme. Siku hizi nakijaribu hicho dukani kabla sijauliza chochote kingine. Na ninataka ianze na ngazi ya chini kila ninapoiwasha. Hii ya kuanza na mng'ao wa juu kisha ushuke ndiyo iliyotupofusha mimi na mtoto. Ile mimweko ya zimamoto nayo ifichwe kwenye mibonyezo mitatu, au isiwepo.

Kuzuia maji nisilizungumze sana. IPX4 ni matone ya mvua, IPX7 ni kuzama mita moja kwa nusu saa, IPX8 ni zaidi ya hapo. Pete za mpira zipakwe grisi ya silikoni mara chache kwa mwaka, basi. Kama unasafiri kwa ndege, betri za litiamu za akiba zinakaa kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye mzigo wa kupakiwa, na kila moja ikiwa kwenye kasha lake ili ncha zisigusane na funguo.

Yote haya yamepita bure kama tochi imebaki nyumbani, na hapo ndipo ufagio unapoingia. Kabla ya kununua nyingine nilikata kipande cha mpini wa ufagio mkuukuu, urefu wa sentimita kumi na moja. Unene wa mpini ule unakaribiana sana na tochi ya betri ya 18650. Nikautia mfukoni asubuhi, nikaenda nao kazini, nikaketi nao kwenye gari, nikapanda nao ngazi. Kufikia mchana niliuhamishia kwenye mkoba. Siku ya pili niliusahau mezani. Siku ya tatu nilijua kwamba nimeusahau na sikurudi kuuchukua. Halafu nikajaribu na kalamu nene ya kuandikia kwenye boksi, iliyokauka wino, ambayo ina umbo la tochi ya AAA. Ikakaa wiki mbili, na mara moja ikaingia kwenye ndoo ya kufulia na suruali kwa sababu sikuihisi.

Nikanunua ya AAA, yenye klipu ndefu inayoizamisha karibu yote ndani ya mfuko, kando ya mshono, ili funguo zipate nafasi yake. Klipu iwe ya chuma na iwe imeskrubiwa. Ya kubana tu huchomoka siku ya kukaa kwenye kochi, na tochi inakwenda kuishi huko na sarafu. Ya kwangu inawashwa kwa kuzungusha kichwa. Inataka mikono miwili au uzoefu, na hilo ni kosa nililolikubali nikiwa na akili timamu, maana haijawahi kujiwasha. Ngazi ya chini ni nusu lumeni, ya juu kama mia, na CRI yake ni zaidi ya 90. Ile kali ya lumeni 1,200 ipo kwenye gari, kifuniko kimelegezwa, inamsubiri mbwa.

Wiki iliyopita mwiba mwingine, safari hii kiganjani, na umeme ulikuwepo. Mtoto hakutaka taa ya chumba. Alikuja moja kwa moja, akaingiza mkono mfukoni mwangu, akaivuta kwa klipu, akazungusha kichwa mara moja na kuniwekea kati ya meno.

"Usitingishike, Baba," akasema, akanyoosha kiganja.